Watafiti na polisi wakikaa meza moja: maswali kuhusu ubaguzi wa rangi katika kazi ya polisi Marekani

Kila inapotoka ripoti ya chuo kikuu kuhusu polisi na watu weusi Marekani, mjadala hugawanyika siku hiyohiyo. Wapo wanaosema polisi wamekodi wasomi wawasafishe, na wapo wanaosema wasomi wametumwa kuwapaka polisi matope. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudiwa zaidi katika mabishano hayo. Msimamo wetu hatuufichi: ubaguzi huu upo, unaumiza watu, na unaweza kupimwa na kupunguzwa iwapo polisi watafungua makabati yao na watafiti wakabaki huru.

Kwa nini polisi wakubali kuchunguzwa na watu wa nje?

Mara nyingi hawakuanza kwa hiari. Mfano unaofahamika zaidi ni Oakland, jiji la California. Mwaka 2000 askari wachache wa huko waliojulikana kama Riders walishtakiwa kwa kupiga watu na kuwabambikia kesi za dawa za kulevya. Walalamikaji 119, karibu wote weusi, walilidai jiji mahakamani, na mwaka 2003 jiji likasaini makubaliano ya kuirekebisha idara yake ya polisi chini ya jicho la mahakama ya shirikisho. Askari wakatakiwa kujaza fomu kila wanapomsimamisha mtu, ikiwa ni pamoja na kuandika rangi yake. Fomu zikaanza kurundikana. Kuzikusanya ni kazi moja, kujua zinasema nini ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo maana mwaka 2014 Jennifer Eberhardt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, na wenzake wakaingizwa katika kazi hiyo.

Kwingineko msukumo umetoka kwenye sheria. North Carolina ilikuwa jimbo la kwanza kuwalazimisha polisi kukusanya data za magari wanayosimamisha, kwa sheria ya mwaka 1999. California ilipitisha ya kwake mwaka 2015, na hiyo inagusa pia wanaosimamishwa wakitembea kwa miguu.

Lakini wapo waliokwenda wenyewe. Tracie Keesee alikuwa afisa wa polisi wa Denver aliposhirikiana na mwanasaikolojia Phillip Atiba Goff kuanzisha Center for Policing Equity, taasisi inayopokea data kutoka idara nyingi za polisi na kuzilinganisha. Mpelelezi yeyote aliyewahi kutafuta shahidi katika mtaa usiowaamini polisi anajua kwa nini. Watu wakiona askari kama adui, hawapigi simu, hawatoi ushahidi, na muuaji anabaki mtaani. Oktoba 2016 Terrence Cunningham, aliyekuwa rais wa chama cha kimataifa cha wakuu wa polisi, alisimama mbele ya wenzake akaomba radhi kwa jinsi polisi walivyowatendea watu wasio Wazungu katika historia ya Marekani. Kauli ile haikumpendeza kila askari, ila ilikuwa ya lazima.

Watafiti wanatazama nini hasa?

Kwanza ni fomu za usimamishaji: nani alisimamishwa, wapi, saa ngapi, kwa kosa gani, je alipekuliwa, je alifungwa pingu, na mwisho wake ukawa nini. Pili ni taarifa za matumizi ya nguvu. Tatu, na hapa ndipo mambo yamebadilika sana miaka ya karibuni, ni picha na sauti kutoka kamera wanazovaa askari kifuani. Huongezwa mazungumzo na askari wenyewe, kupanda nao doria, na kuwasikiliza wakazi.

Oakland walikuta nini?

Ripoti ya mwaka 2016 ilichambua fomu 28,119 za miezi 13, kuanzia Aprili 2013. Watu weusi walikuwa asilimia 28 ya wakazi wa jiji, lakini walikuwa asilimia 60 ya waliosimamishwa. Hata ukiwaondoa waliokamatwa, mwanamume mweusi alifungwa pingu katika usimamishaji 1 kati ya 4, ilhali kwa mwanamume Mzungu ilikuwa 1 kati ya 15. Kupekuliwa ilikuwa 1 kati ya 5 kwa weusi na 1 kati ya 20 kwa Wazungu. Na upekuzi huo wa ziada haukuzaa kitu cha ziada: askari hawakuwa wakikuta vitu haramu zaidi kwa watu weusi.

Tafakari hilo la pingu kwa dakika moja. Tunamzungumzia mtu ambaye hakukamatwa. Amekalishwa kwenye ukingo wa barabara, mikono nyuma, majirani wakipita, kisha akafunguliwa na kuambiwa aende zake. Katika vitabu vya takwimu za uhalifu tukio hilo halipo. Bila fomu ile na bila mtu wa kuisoma, lingebaki katika kumbukumbu ya aliyefungwa peke yake.

Mwaka 2017 timu hiyohiyo, ikiwa na wataalamu wa lugha akiwemo Dan Jurafsky, ilichapisha uchunguzi wa kamera za kifuani. Walichukua magari 981 yaliyosimamishwa ndani ya mwezi mmoja, Aprili 2014, wakaandika kila neno la askari. Kwanza watu wa kawaida walisoma sehemu ya maneno hayo bila kuelezwa dereva ni wa rangi gani, wakapima kama askari alikuwa na heshima. Baadaye kompyuta ikafundishwa kupima kwa namna hiyohiyo, na ikapewa sentensi zote, zaidi ya 36,000. Madereva weusi walizungumziwa kwa heshima ndogo zaidi. Wazungu walisikia zaidi "bwana", "samahani kwa kukusimamisha" na "safari njema". Weusi waliitwa zaidi kwa jina la kwanza na kuamriwa waweke mikono kwenye usukani. Tofauti ilibaki hata walipozingatia uzito wa kosa, mahali, matokeo ya usimamishaji na rangi ya askari mwenyewe.

Hakuna sentensi hata moja kati ya hizo ambayo ingemfukuzisha askari kazi, na hapo ndipo uzito wa utafiti huu ulipo. Malalamiko rasmi hunasa matusi na kipigo. Yaliyo madogo, yanayorudiwa maelfu ya mara na kumfanya mtu ajione mgeni katika mji aliozaliwa, yalikuwa hayanaswi na chochote.

Mwaka 2023 ulifuata uchunguzi mwingine, safari hii katika jiji ambalo halikutajwa, kuhusu madereva weusi pekee: ni usimamishaji upi huishia kwenye pingu, upekuzi au kukamatwa? Jibu lilionekana ndani ya maneno 45 ya kwanza ya askari. Pale alipoanza na amri na asitoe sababu ya kumsimamisha dereva, uwezekano wa mambo kuharibika ulikuwa mkubwa zaidi. Tangu Januari 2024 sheria ya California inamtaka askari aseme sababu ya kumsimamisha mtu kabla hajaanza kumhoji.

Kama watu weusi wanasimamishwa zaidi, si kwa sababu wanaishi penye uhalifu zaidi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na anayelipuuza hafanyi utafiti. Tofauti ya idadi peke yake haithibitishi ubaguzi. Wakazi wa jiji si lazima wawe ndio watumiaji wa barabara zake, na polisi hupangwa zaidi pale simu za dharura zinapotoka. Lazima ujue unalinganisha na nini.

Mtu wa mwanzo kulitatua kwa ustadi alikuwa John Lamberth, mwanasaikolojia aliyefanya kazi na mawakili wa utetezi katika barabara kuu ya New Jersey miaka ya 1990. Aliweka watu kando ya barabara wahesabu madereva, kisha akatuma gari liende kwa mwendo maalumu likihesabu wanaolipita. Karibu kila mtu, asilimia 98, alikuwa amezidisha mwendo. Kwa maneno mengine, askari alikuwa na haki ya kumsimamisha yeyote amtakaye. Magari yenye watu weusi yalikuwa takriban asilimia 13 ya magari yote, lakini asilimia 35 ya yaliyosimamishwa. Mwaka 1996 hakimu aliukubali ushahidi huo. Askari walikuwa na uhuru wa kuchagua, na uchaguzi wao ulikuwa na rangi.

Njia ya pili hutumia giza. Saa moja jioni wakati wa kiangazi bado ni mchana. Saa hiyohiyo majira ya baridi ni usiku. Trafiki ni ileile, watu wanatoka kazini vilevile, ila usiku askari hamwoni vizuri dereva. Kama sehemu ya weusi miongoni mwa wanaosimamishwa hupungua giza linapoingia, ni dalili kwamba rangi ilikuwa ikiangaliwa. Jeffrey Grogger na Greg Ridgeway waliibuni mbinu hii kwa data za Oakland mwaka 2006, na wao hawakuona dalili kubwa. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford, waliokusanya rekodi za usimamishaji karibu milioni 100 kutoka majimbo na majiji mengi, waliitumia kwa sehemu ya rekodi hizo, na dalili ikaonekana wazi. Tunayataja matokeo yote mawili kwa makusudi. Mbinu nzuri ni ile inayoweza kumpa mtafiti jibu asilolitarajia.

Njia ya tatu hutazama upekuzi ulipata nini. Tuseme askari akipekua Wazungu 100 anakuta kitu haramu kwa 20, na akipekua weusi 100 anakuta kwa 12. Maana yake amewapekua weusi kwa shaka ndogo zaidi. Kipimo hiki nacho kina kasoro zake za kihesabu, na ndiyo maana watafiti wa Stanford waliboresha kipimo kinachokadiria kiwango cha shaka chenyewe. Matokeo yakawa kwamba weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) hupekuliwa kwa ushahidi hafifu kuliko Wazungu.

New York inatoa mfano wa aina yake. Kati ya 2004 na 2012 polisi wa jiji hilo waliwasimamisha watu mara milioni 4.4, na zaidi ya asilimia 80 walikuwa weusi au Walatino. Silaha zilikutwa kwa asilimia 1.0 ya weusi waliosimamishwa, 1.1 ya Walatino na 1.4 ya Wazungu. Jaji Shira Scheindlin aliamua Agosti 2013 kwamba jiji lilikuwa limevunja katiba. Usimamishaji ulishuka kutoka zaidi ya 685,000 mwaka 2011 hadi chini ya 23,000 mwaka 2015, na mlipuko wa uhalifu uliotabiriwa haukutokea.

Si ni askari wabaya wachache tu?

Wapo, na wanapaswa kuondolewa. Lakini ukimwondoa kila askari mwenye chuki ya wazi, sehemu kubwa ya tofauti iliyoonekana Oakland ingebaki palepale, kwa sababu ilitokana na mazoea ya idara nzima: nani anapelekwa mtaa gani, kwa maelekezo gani, na anasifiwa kwa lipi mwisho wa zamu. Askari anayepimwa kwa idadi ya watu aliowasimamisha atawasimamisha watu. Atawatafuta pale anapodhani ni rahisi kuwapata.

Mtu anawezaje kubagua bila kujua?

Ubongo hujifunza kutokana na unachokiona kila siku, na Mmarekani hukua akiona uso mweusi ukiambatanishwa na uhalifu katika habari na filamu. Mwanasaikolojia Joshua Correll alitengeneza jaribio la kompyuta: mtu anatokea ghafla kwenye skrini, ama ameshika bunduki au kitu kisicho na madhara kama simu, nawe uamue kwa haraka kupiga au kutopiga. Raia wa kawaida walikosea zaidi kwa kuwapiga weusi wasio na silaha. Mwaka 2007 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha polisi wa Denver na raia. Askari nao walichelewa kidogo kuamua sahihi pale picha ilipokwenda kinyume na dhana, yaani mweusi asiye na silaha au Mzungu mwenye silaha. Lakini katika uamuzi wa mwisho walikosea kidogo kuliko raia, na rangi haikuwapotosha kwa kiasi kilekile.

Tunaona habari njema humo. Mazoezi yanaweza kumsaidia mtu kuizuia dhana isifike kwenye kidole. Ila chumba chenye kompyuta si uchochoro wa saa nane usiku, na askari aliyechoka, mwenye hofu, anayekimbia, ana muda mchache zaidi wa kufikiri.

Je, kuajiri askari weusi wengi kunatosha?

Kunasaidia, hakutoshi. Utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha askari waliopangwa katika mazingira yaleyale, eneo lilelile na zamu ileile. Askari weusi walisimamisha na kukamata watu wachache zaidi na kutumia nguvu mara chache kuliko wenzao Wazungu, hasa dhidi ya raia weusi. Upande mwingine, katika uchunguzi wa lugha wa Oakland, rangi ya askari haikuondoa pengo la heshima. Mtu akiingia katika idara yenye mazoea yake, mazoea hayo humwingia pia.

Na mafunzo? Mbona kila kashfa inafuatiwa na semina?

Kwa sababu semina ni rahisi kuitangaza. New York iliwapitisha maelfu ya askari katika mafunzo ya siku moja kuhusu ubaguzi usio wa kukusudia, kuanzia 2018, na kwa sifa yao waliruhusu watafiti huru wayapime. Tathmini ya mwaka 2020 ilionyesha askari walielewa somo vizuri zaidi, lakini haikuona mabadiliko yanayopimika katika tofauti za rangi kwenye usimamishaji, upekuzi na ukamataji. Jiji lililoficha matokeo ya namna hiyo lingeendelea kulipia semina miaka kumi. Kupimwa na kukiri ni huduma kwa majiji mengine yote.

Mafunzo yanayolenga tendo yana matumaini zaidi. Chicago, kozi ya kuwafundisha askari kumsikiliza raia, kumweleza sababu na kumtendea kwa utu ilifuatiliwa kwa zaidi ya askari 8,000. Uchambuzi wa kwanza, wa mwaka 2020, ulisema malalamiko yalipungua asilimia 10 na matumizi ya nguvu asilimia 6.4 katika miaka miwili, ingawa watafiti wenyewe walipoirudia hesabu kwa mbinu bora zaidi, dalili ilikuwa hafifu: upungufu wa malalamiko haukuthibitika, na wa matumizi ya nguvu haukuwa wa uhakika. Oakland nako, kipimo cha lugha kilichobuniwa kuchunguza ubaguzi kilitumika baadaye kupima mafunzo: rekodi za kabla na baada zililinganishwa, na lugha ya askari kwa madereva ilikuwa imeongezeka heshima. Hivyo ndivyo semina inavyopaswa kupimwa. Sahani ya chakula cha mchana na cheti cha kuhudhuria havitoshi.

Kamera za kifuani hazijamaliza tatizo?

Hapana. Washington D.C. iligawa kamera kwa bahati nasibu miongoni mwa askari zaidi ya 2,000 na kuwalinganisha waliopata na waliokosa. Matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti ya maana katika matumizi ya nguvu wala malalamiko. Kamera ambayo picha zake hakuna anayezitazama ni mzigo kifuani. Idara nyingi hufungua picha baada ya tukio baya tu, na maelfu ya saa za mazungumzo ya kawaida hulala kwenye kompyuta hadi zifutwe. Kilichotofautisha Oakland ni kwamba mtu alizisikiliza saa za kawaida.

Basi ni nini kimeonekana kufanya kazi?

Kupunguza nafasi za kuamua kwa kubahatisha. Hapa ndipo tunaomba msomaji atulie, maana ndipo ushirikiano unapolipa.

Oakland, watafiti na polisi waliongeza swali kwenye fomu. Kabla ya kumsimamisha mtu, askari ajiulize: je, nina taarifa mahususi inayomhusisha mtu huyu na uhalifu fulani? Kisha ajibu kwenye fomu, ndiyo au hapana. Mtu ataliona jambo dogo. Lakini askari anayejua ataulizwa hutua kidogo, na katika kutua huko "anaonekana wa kutiliwa shaka" hugeuka kuwa "namshuku kwa sababu gani hasa?" Mwaka 2017 askari wa Oakland walisimamisha watu takriban 32,000. Mwaka uliofuata idadi ilishuka hadi karibu 19,000, na kwa watu weusi upungufu ulikuwa asilimia 43. Uhalifu uliendelea kushuka.

Forodha ya Marekani ilikuwa imepita njia hiyo mapema zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iliandamwa na lawama kwamba inawapekua abiria weusi na Walatino viwanja vya ndege, hasa wanawake, kwa namna ya kudhalilisha. Chini ya Raymond Kelly, aliyekuwa mkuu wake, orodha ndefu ya dalili za kutilia shaka, zaidi ya 40, ilipunguzwa hadi 6 zinazohusu tabia ya abiria na ushahidi, na msimamizi akatakiwa kuidhinisha. Upekuzi ulipungua kwa takriban robo tatu. Kiwango cha kukuta kitu haramu kikapanda kutoka chini ya asilimia 5 hadi zaidi ya 13.

Hata nje ya Marekani picha ni hiyo. Fuenlabrada, mji ulio karibu na Madrid, polisi walishiriki mradi wa Ulaya mwaka 2007 na 2008: fomu kwa kila usimamishaji, kisha wasimamizi kuzikagua. Idadi ya waliosimamishwa ilishuka kwa zaidi ya nusu, na usimamishaji uliozaa matokeo ukapanda kutoka asilimia 6 hadi 17.

Mifano hii mitatu haikungoja moyo wa askari ubadilike kwanza. Ilibadilisha fomu, orodha na idhini. Tunaamini mioyo nayo hubadilika, lakini mama ambaye mwanawe yumo barabarani usiku huu hawezi kuingoja.

Watafiti watabakije huru wakati wanategemea data za polisi?

Hii ni hatari ya kweli. Idara inaweza kumpa mtafiti mafaili na kumnyima mengine, kuchelewesha idhini hadi kashfa isahaulike, au kuandika kwenye mkataba kwamba hakuna kuchapisha bila ruhusa. Mkataba mzuri husema wazi tangu siku ya kwanza kwamba matokeo yatachapishwa yawe mazuri au mabaya. Polisi wanapewa nafasi ya kusoma rasimu na kusahihisha makosa ya kweli, kama vile maana ya msimbo fulani kwenye fomu, lakini hitimisho si lao. Fedha zitajwe zilikotoka. Na data, zikiondolewa majina, ziwekwe mahali ambapo mtafiti mwingine anaweza kuzirudia hesabu.

Hatari ya upande wa pili huzungumzwa mara chache: kukaa na askari miaka mingi, kunywa nao kahawa, kupanda magari yao, hadi ukaanza kuona mtaa kwa macho yao. Dawa yake ni kukaa na wakazi kwa muda uleule.

Kisha kuna udhaifu wa uongozi. Ushirikiano hujengwa na mkuu wa polisi fulani, naye huondoka. Juni 2016, mwezi uleule ripoti ya Oakland ilipotoka, idara hiyo ilibadilisha wakuu watatu ndani ya siku zisizofika kumi kutokana na kashfa nyingine. Kazi ilisalimika kwa sababu mahakama na jiji walikuwa nyuma yake.

Mbona watafiti wenyewe wanapingana?

Mwaka 2016 mchumi Roland Fryer alitoa matokeo yaliyozua kelele: katika data alizozipata, weusi na Walatino walikuwa zaidi kwa asilimia 50 kukumbana na nguvu za chini kama kusukumwa na kufungwa pingu, lakini katika kupigwa risasi, data za Houston hazikuonyesha tofauti ya rangi. Kila upande ukachukua nusu yake. Mwaka 2020 Dean Knox, Will Lowe na Jonathan Mummolo walionyesha tatizo lililojificha katika uchunguzi wa aina hii. Rekodi za polisi zina watu waliokwisha kusimamishwa tu. Kama weusi husimamishwa hata bila sababu ya maana, kundi lao linajaa watu wasio na hatia yoyote, na ukilinganisha kinachofuata, ubaguzi unaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Mabishano haya ni afya. Yamewasukuma watafiti kudai data za kabla ya usimamishaji: ratiba za zamu, maeneo ya doria, simu zilizopigwa. Na hizo ziko mikononi mwa polisi, jambo linaloturudisha kwenye meza ileile.

Faragha ya askari na raia inalindwaje?

Majina na namba za utambulisho huondolewa au kubadilishwa, rekodi za kamera hutazamwa na kusikilizwa katika kompyuta zisizounganishwa na mtandao wa nje, na bodi ya maadili ya chuo hupitia mpango kabla ya kazi kuanza. Watafiti kwa kawaida hawatafuti askari mmoja wa kuadhibu. Tunakubali hili linawaudhi wakazi wengi wanaotaka majina, na hasira yao tunaielewa. Kazi ya nidhamu ina vyombo vyake. Mtafiti akiifanya, askari atafunga mlango na data zitakauka.

Wananchi waliobaguliwa wana nafasi gani?

Ndogo mno, na huu ni udhaifu mkubwa wa ushirikiano mwingi. Polisi na chuo hukutana mjini, hukubaliana maswali, kisha huja kuwasomea wakazi majibu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Wazee wa Oakland Magharibi hawakuhitaji fomu 28,119 kujua kwamba vijana wao wanafungwa pingu bure. Walikuwa wakisema hivyo kwa miongo kadhaa bila kusadikiwa. Inauma kwamba ushahidi wa mtu uliaminika pale tu ulipogeuzwa asilimia. Wakazi washirikishwe mapema, wakati maswali yanapoandikwa, kwa sababu wao ndio wanaojua kwamba jambo baya zaidi kuhusu usiku fulani lilikuwa swali "una kesi ya zamani?" lililoulizwa mbele ya watoto. Mtaalamu wa takwimu asingelifikiria.

Ripoti mpya ikitoka, nitajuaje kama ni ya kuaminika?

Anza na kulinganisha: wanawapima waliosimamishwa dhidi ya nani? Kama jibu ni idadi ya wakazi pekee, endelea kusoma kwa tahadhari, hata kama hitimisho linakufurahisha. Tazama kama wametumia zaidi ya kipimo kimoja. Tafuta ukurasa unaosema nani amelipa na nani alikuwa na kauli ya mwisho juu ya maandishi. Tazama kama mapendekezo ni matendo yenye tarehe na mtu wa kuyasimamia. Ripoti ya Oakland ilikuwa na mapendekezo 50, na mengi yalikuwa mahususi kiasi kwamba mwaka mmoja baadaye ungeweza kuuliza lipi limetekelezwa na lipi halijatekelezwa. Mwisho, angalia kama idara imekubali kupimwa tena kwa kipimo kilekile, na kama tarehe ya kipimo hicho imeandikwa.